Habari za Anga Kupitia Katumba

11 Novemba 1996, Jumatatu

Mvua ya kwanza imefika Mamba leo, na siku hiyohiyo nimekabidhiwa mashine inayoongea.

Katekista Telesfori, aliyekuwa akiishika, amehamia Usevya. Mganga Ambrosi, mkubwa wetu hapa kituo cha afya, akaniita mbele ya wagonjwa wote: "Marsela, wewe umefika kidato cha pili, na mdomo unao. Kuanzia leo redio ni yako." Watu wakacheka. Nilitaka kumjibu vibaya lakini nilikuwa nimeshashika kile kidude cha kuongelea, na kutoka ndani ya sanduku kulikuwa na mtu anakohoa akiwa Katumba, huko mbali ng'ambo ya mbuga yote. Nikasahau hasira. Mtu anakohoa Katumba, nami namsikia Mamba!

Naanza kuandika kwa sababu sista aliyenifundisha aliniambia kwamba mwenye hasira za karibu aandike kwanza, aseme baadaye. Tuone.

12 Novemba

Nimesema "ova", yaani nimemaliza, sema wewe, mara nyingi leo. Mimba ya miezi minne na kichefuchefu bado.

14 Novemba

Sasa nieleze balaa lenyewe. Anayeshika mashine ya misheni kule Mpanda ni baba mkwe wangu, baba yake mume wangu Alex. Hakuna aliyenikumbusha hilo nilipokuwa nakubali kazi.

Kwetu Wapimbwe, mkamwana na baba mkwe hawasemeshani. Nikimwona njiani napisha, akiingia natoka, na jina lake silitaji. Sitaliandika hata humu. Tangu niolewe sauti yake nimeisikia kupitia ukuta tu, na nilivyoisikia ni ya mtu mkavu, asiye na mchezo. Sasa kila asubuhi saa moja lazima aongee nami, nami nimjibu, na vituo vyote vinasikiliza.

Juzi na jana aliita, nikanyamaza. Leo amepata njia. Ameita Katumba: "Katumba, waambie Mamba kwamba dawa za malaria zimefika." Nami nimesikia kila neno, maana hewa ni moja. Lakini nimengoja. Venant, anayeshika mashine ya Katumba, Mrundi mmoja mcheshi, akasema: "Mamba, mzee anasema dawa za malaria zimefika." Nikajibu: "Katumba, mwambie baba nimesikia." Venant akamwambia baba nimesikia. Halafu akaangua kicheko hewani, akasema: "Nyie Wapimbwe mtaniua kwa kunichosha."

19 Novemba, Jumanne

Leo ndege imetua. Nimeishi miaka ishirini na mitano na kila ikitua natoka mbio nje kama mara ya kwanza. Ng'ombe wanafukuzwa kwenye uwanja, moshi unawashwa ili rubani aone upepo unakoelekea, halafu kitu kidogo cheupe kinatokea upande wa mto Kavuu, kinakuwa kikubwa, na ndani yake anatoka Bruda Anselmo, rubani wa misheni, Mfipa wa Nkasi, ana matope kwenye viatu kama sisi.

Alikaa kwenye benchi la kituo akanywa uji, akanieleza kazi yangu ilivyo, maana Telesfori hakunieleza hata nusu.

"Anga linafungwa," akasema.

"Na nani?"

"Na serikali. Kwa muda. Siku hizi kuna vita ng'ambo ya ziwa, ndege kubwa zinapita, za misaada na nyingine za wakubwa. Wanatoa tangazo, wenyewe wanaliita notamu. Linasema sehemu fulani, toka saa fulani mpaka saa fulani, asipite mtu."

Marubani wa mashirika, alisema, wana ofisi za kuwaambia. Yeye leseni yake ni ya rubani binafsi, hakuna anayemtafuta kumpa habari, anatafuta mwenyewe. Dar es Salaam wanatuma Tabora, Tabora wanatuma kwa mwangalizi wa uwanja wa Mpanda, naye anabandika karatasi ukutani. Kabla ya kuruka Bruda anasoma ule ukuta. Lakini akishatua huku kwetu, ukuta hauoni tena, na tangazo la asubuhi linaweza kufutwa mchana likaja jingine. Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini ya kurudi, lazima aulize tena.

"Unamwuliza nani?"

"Baba mkwe wako. Kila asubuhi anakwenda uwanjani kwa baiskeli kusoma ule ukuta, na nikiwa safarini anakwenda tena. Anakusomea wewe. Nawe unarudia neno kwa neno. Usiporudia, nahesabu hujasikia, na injini siwashi."

Nilimwambia kwetu mtu kurudia maneno ya mkwewe ni kumkejeli. Bruda akasema basi Venant arudie. Nikatazama juu. Anga lilikuwa la kawaida, mawingu mawili matatu. Nilishindwa kabisa kuelewa mtu anafungaje kitu kile.

3 Desemba

Mvua. Mahindi yameota vizuri. Anga liko wazi, anasema baba, anasema Venant.

14 Desemba, Jumamosi

Bruda ameleta chanjo asubuhi, akataka kurudi kabla ya mvua. Kupitia Katumba baba akasema: anga la Mpanda limefungwa toka saa nne mpaka kesho mchana. Venant akarudia, akaongeza: "Na mimi nasema Bruda ale wali wa Mamba ashibe." Baba akamkata papo hapo: "Katumba, sema niliyosema tu." Mkavu kweli huyu mzee.

Bruda akafunga mlango wa ndege, akaomba kitanda kwa Padre. Watu wakamzunguka. Jua linawaka, upepo hakuna, na mwanamume na ndege yake nzima amekaa chini. Kijana mmoja akamwuliza kama injini imekufa. Bibi mmoja akauliza ufunguo wa anga uko kwa nani, aende akaombe. Nami nilicheka pamoja nao, sikatai.

Alasiri tulisikia mngurumo juu ya mawingu. Hatukuona kitu. Mngurumo ulitoka kusini ukaelekea Mpanda, mzito, mpaka mabati ya kituo yakatetemeka, halafu baada ya muda ukafuata mwingine. Watu waliokuwa wanacheka wakainua vichwa wote. Bruda alikuwa anamenya muwa. Tungeendelea kutazama lile anga jeupe tungeapa halina mtu, kumbe kuna watu wanapita na mtu mmoja hapa chini, anayemenya muwa, amewapisha kwa sababu mzee mmoja mwenye baiskeli amesoma karatasi.

15 Desemba

Ameruka saa tisa. Anga wazi.

25 Desemba

Krismasi. Kupitia Katumba baba ametakia vituo vyote heri, kimoja kimoja. Mamba kaitaja mwisho.

8 Januari 1997, Jumatano

Kavuu imevunja kingo. Lori la mwisho limepita juzi na sasa barabara ya Mpanda imekwisha mpaka Mei. Mtoto anacheza tumboni. Alex ameandika kutoka chuoni Tabora, hapati ruhusa mpaka Juni.

17 Januari

Venant kanieleza jambo leo tulipokuwa tunangoja Mpanda. Kule kwao Katumba, kwenye makazi yao, mtu haendi hata Mpanda mjini bila kibali cha mkuu wa makazi. Tangu walipokimbia Burundi wako hivyo, yeye alifika akiwa mgongoni mwa mama yake. "Nilidhani ni sisi tu," akasema. "Nilipojua hata Bruda, mtu anayeruka, anaomba kibali, nililala vizuri." Nilimwambia ana sauti nzuri leo.

2 Februari, Jumapili

Nimeamka na damu kwenye shuka. Hainiumi. Nilidhani kwa kuwa hainiumi si kitu, lakini Ambrosi alipoona uso wake ukabadilika. Amenilaza siku nzima.

"Sikiliza, Marsela. Inaonekana kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango. Uchungu ukikuanzia hapa, damu itatoka na mimi sina chumba cha kupasua. Lazima ukajifungulie hospitali Mpanda, na lazima uende mapema."

"Barabara haipo."

"Ndege ipo. Kesho asubuhi namwomba Bruda kwenye redio."

Nikamwambia hapana. Nikalia, nikamshika mkono. Aseme kwenye redio kwamba mkamwana wa yule mzee anatoka damu, na mzee mwenyewe ndiye anayepokea? Vituo vyote vinasikia! Nilimwomba asubiri, Bruda akitua nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Ambrosi akanung'unika, akakubali. Amesema atasubiri wiki moja tu.

10 Februari

Bruda hajaja. Damu haijarudi, nimemwomba Ambrosi anisubiri tena. Mvua.

18 Februari

Hajaja. Anga la Mpanda lilifunguliwa juzi likafungwa jana. Baba anasoma kila siku, Venant anarudia, mimi najibu nimesikia. Naogopa sasa, na siogopi kusema hivyo hapa.

26 Februari

Damu tena, kidogo. Sikumwambia Ambrosi.

9 Machi, Jumapili

Shangazi Jeniffer, anayekaa nami tangu Januari, ameona shuka akamwambia Ambrosi. Ambrosi hakuniuliza. Aliingia chumba cha redio, akanipokonya kidude, akaita Katumba mwenyewe. Alisema yote. Damu, kondo, miezi, jina langu. Nilijifunika kanga kichwa kizima nikatamani ardhi ipasuke.

Venant hakufanya mzaha hata kidogo. Akaanza kurudia kwa sauti ya chini, "Mzee, Mamba wanasema..." Baba akasema: "Nimesikia." Ndiyo mara ya kwanza hakungoja Katumba arudie. Sanduku likachemka kelele za hewa tu. Kisha: "Waambie Mamba, Bruda yuko Sumbawanga anatengeneza ndege. Akirudi, safari ya kwanza ni hiyo."

10 Machi

Asubuhi baada ya habari za anga, baba akasema: "Katumba, waulize Mamba wamelalaje." Venant akauliza. Nikasema tumelala salama. Hajawahi kuuliza hivyo.

13 Machi

Ameuliza tena. Nadhani nilimwelewa vibaya mtu huyu. Au ukuta niliokuwa namsikilizia ndio ulikausha sauti yake.

15 Machi, Jumamosi

Katumba hajibu. Ambrosi anasema jana kulikuwa na radi kubwa upande ule, labda imepiga mlingoti wa Venant. Mpanda imeita Katumba mara nyingi, halafu ikanyamaza. Mimi nilikaa na kidude mkononi. Sikuita, naye hakuniita. Bila Katumba sisi wawili tumekuwa mabubu.

16 Machi

Hivyohivyo. Bruda akija, tutajua kwa kusikia mlio wa ndege.

21 Machi, Ijumaa. Hospitali, Mpanda

Naandika nimelala, lakini nikiliacha jambo hili mpaka siku nyingine nitajiambia nimeota.

Jumatatu alfajiri damu ilitoka kweli. Ambrosi alinitundikia dripu na kunilaza chumba cha redio kwa kuwa ndicho kilicho karibu na mlango. Jua lilipotoka tulisikia mlio. Bruda! Alikuwa amerudi Mpanda Jumapili jioni, akaruka kutoka huko mapema anga likiwa wazi. Ambrosi akakimbilia uwanjani kumsaidia kung'oa viti vya nyuma ili godoro langu liingie. Nikabaki na shangazi Jeniffer.

Sanduku likaita.

"Katumba, Katumba, Mpanda anaita." Kimya. "Katumba, Katumba." Kimya. Akaita mara ya tatu na sauti ikawa ya kuomba. Halafu nikasikia anavuta pumzi.

"Mamba. Marsela."

Jina langu. Shangazi Jeniffer akaacha kufuta sakafu.

"Marsela, hapa ni baba yako. Katumba hayupo. Najua Bruda ameshatua. Tangazo limetoka sasa hivi, ameondoka tu likabandikwa. Anga la Mpanda limefungwa, ndege ndogo zote. Asiruke. Nisikilize, kisha urudie. Ova."

Nilibonyeza kitufe. Mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Nasema ukweli, nilikuwa natoka damu na bado niliona haya.

"Mwanangu," akasema. "Mimi pia naona aibu. Rudia."

Nikarudia. "Anga la Mpanda limefungwa. Ndege ndogo zote. Bruda asiruke." Na nikamwambia shangazi akimbie uwanjani, awazuie. Akaenda mbio, mama mtu mzima yule, kanga mkononi.

"Vizuri. Sasa usizime. Nakwenda kumwomba mwangalizi kibali cha mgonjwa."

Nikangoja. Sijui ni muda gani. Nilikuwa nasikiliza kelele za hewa na kumwona akilini yuko juu ya baiskeli kwenye matope. Bruda akaingia na Ambrosi, wote wamelowa. Bruda hakusema turuke hivyohivyo. Alipiga magoti karibu na sanduku akangoja nami. Ambrosi alitaka kugombana, akasema anga jeupe lile, mtu anakufa hapa. Bruda akamjibu, "Ndani ya anga lile kuna watu, Mganga, na hawanioni," na mimi niliyekuwa nakufa ndiye niliyemwelewa.

Baba akarudi anahema.

"Marsela. Mwangalizi ameongea na Tabora, Tabora wameongea na Dar. Mgonjwa anaweza kuruhusiwa. Lakini wanataka kujua, na mtu wa uwanjani yuko hapa anangoja majibu. Wanauliza mimba ni ya miezi mingapi, na damu..." Akakwama. "Damu inatoka kiasi gani. Ova."

Ambrosi akanyoosha mkono achukue kidude. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilikizuia. Aliyeniita jina langu ni mimi wa kumjibu.

"Mwezi wa nane unakwisha, baba. Vitenge viwili vimelowa, na cha tatu kinalowa. Ova."

Shangazi Jeniffer alijifunika uso. Upande wa pili nikasikia baba anarudia, neno kwa neno, bila kuruka kitu, kwa yule mtu wa uwanjani: mwezi wa nane unakwisha, vitenge viwili vimelowa, na cha tatu kinalowa.

Kibali kikaja. Bruda aje kwa njia ya Sitalike. Abaki chini ya mawingu. Akifika Sitalike azunguke hapo mpaka aitwe, maana ndege kubwa inatua, ikishatua ataingia yeye. Nikarudia yote matatu. Bruda alikuwa anasikia lakini hakuinuka mpaka nilipomaliza.

Sikuwahi kupanda ndege. Nililazwa chini, miguu imeinuliwa, shangazi kashika dripu na kusali rozari kwa sauti. Kwenye dirisha niliona mawingu tu. Lakini tulipofika Sitalike ndege ikaanza kuzunguka, ikalala ubavu, na dunia yote ikaingia dirishani. Mbuga ya Katisunga imejaa maji mpaka kwenye miti, na ndani ya maji nyati, weusi, wengi, wanakwenda pamoja. Hakuna barabara, hakuna mto unaomkatia mtu njia. Nilisahau kuogopa. Nilisema, Mungu wangu, na humu ndimo tunamoishi!

Kisha ikapita. Niliiona kwa macho yangu, ndege ya kijivu, kubwa kuliko kanisa la Mamba, ikishuka mbele yetu ikatoka kwenye wingu na kuingia kwenye wingu, pale hasa ambapo tungekuwa kama tungeruka bila kungoja. Bruda aliondoa mkono kwenye usukani akafanya ishara ya msalaba, akaurudisha. Muda mfupi baadaye wakamwita.

Uwanjani magari yote yalikuwa yamezuiwa nje ya uzio kwa sababu ya ile ndege kubwa. Hakuna machela, hakuna muuguzi. Mlango ukafunguliwa, nikaona mzee mmoja mrefu, mwembamba, suruali imelowa mpaka magotini. Nilimjua kwa pumzi. Nikageuza uso, ndivyo nilivyozoea. Yeye akainama, akapitisha mikono chini yangu, akaninyanyua mbele ya askari na watu wote waliokuwa kwenye uzio, akanibeba mpaka langoni. Moyo wake ulikuwa unagonga sikioni mwangu.

Walinipasua saa hiyohiyo. Mtoto wa kike, mdogo, analia kwa nguvu zote.

24 Machi

Homa kidogo. Maziwa yametoka.

30 Machi, Pasaka

Nimesikia kengele za misa nikiwa kitandani. Katumba wamepata mlingoti mpya. Venant amemtuma mtu na ndizi na salamu ndefu zisizoisha.

6 Aprili, Jumapili

Alex amepata ruhusa ya siku tatu, amekuja kwa treni. Amekaa nami tangu asubuhi na hana la kufanya ila kumtazama binti yake.

Ndiye aliyenieleza yaliyotokea jana. Wazee wa Kipimbwe wanaokaa hapa mjini walimwita baba. Walimwambia wanashukuru mkamwana wake ni mzima na mtoto ni mzima. Lakini amemtaja jina, amemuuliza mambo ya mwilini, amembeba mikononi hadharani, na mila ni mila. Wakamtoza mbuzi mmoja.

Baba hakubisha. Alikwenda nyumbani akarudi na mbuzi wawili.

Wakamwambia, mzee, tumesema mmoja, huyu wa pili ni wa nini? Akasema, "Huyu ni wa yale niliyokwisha kufanya. Na huyu ni wa Jumatatu, na Jumanne, na siku zote mkamwana wangu atakapokuwa kwenye redio. Kaeni mhesabu. Mkiona hatoshi, nitaleta mwingine."

Alex alikuwa anaiga sauti ya baba yake, kavukavu hivyohivyo, na mtoto yuko kwenye ziwa langu ananyonya. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, nikamwambia anyamaze, nikaendelea kucheka.